Breki Atakaa Wapi

Benchi letu ni ubao mmoja juu ya matofali, ubavuni mwa kibanda cha fundi baiskeli, na ng'ambo ya barabara ni mlango wa mama yake. Ukitaka kusikia habari ambayo bado haijatokea, njoo alasiri, kahawa ikishachemka. Mwanzo wa benchi anakaa Mzee Kanuni, aliyestaafu ukarani wa mahakama akaondoka na sheria zote, hata zile ambazo hazikuwahi kuandikwa. Katikati ni Dalali, anayepangisha vyumba vya watu bila kunyanyuka alipokaa. Kahawa anauza Birika, ambaye huwa hakai, lakini kubisha anabisha. Mwisho ni mimi, fundi viatu. Uzi naushika kwa meno, kwa hiyo mara nyingi nasikiliza tu. Mwenye kibanda ndiye Breki. Baiskeli ikimfikia, hata kama imeletwa kwa ajili ya pancha, anaanza kukagua breki.

Wiki hii nzima tuna ajenda moja. Breki anaomba kazi ya udereva wa treni. Wanachukua watu ambao hawajawahi hata kukaa kwenye kiti cha dereva, wanawafundisha mpaka wanaiva. Umri anao, ingawa mwakani utakuwa umempita; macho anayo, cheti cha shule anacho. Kilichomkwamisha ni sharti moja: mwombaji awe anaishi karibu na karakana ya treni, kiasi kwamba akiitwa alfajiri afike kabla chai haijapoa. Sisi tuko upande wa pili wa mji, mabasi mawili na mwendo wa mguu.

Kuhama kungekuwa jambo dogo, lakini mama yake haoni. Macho yalimpotea taratibu akiwa ndani ya nyumba ile ile, kwa hiyo nyumba anaijua kwa mikono. Anapika, anachota maji bombani, anafagia hadi uvunguni. Jumatatu Breki alituambia kwamba hapa mama yake haoni tu, lakini akimhamisha ndipo atakuwa kipofu kweli. Baada ya hapo hakuna aliyethubutu kumwambia ahame. Tukaanza kumtafutia namna ya kuishi kule bila kutoka hapa. Jana ilikuwa Jumatano, na maombi yanafungwa kesho.

Jana hiyo Mzee Kanuni alianza, kama kawaida yake, kabla hajaulizwa.

KANUNI: Tuanze na tafsiri. Kuishi ni nini?

BIRIKA: Kuishi si kulala na kuamka, mzee? Shika kikombe chako, cha moto.

KANUNI: Hiyo ni kulala na kuamka. Kuishi, kisheria, ni pale nguo zako zinapokaukia.

DALALI: Sheria ya wapi hiyo?

KANUNI: Wakati mimi naiandika kwenye majalada, wewe ulikuwa bado mpangaji tumboni mwa mama yako.

DALALI: Haya, yaishe. Kama ni nguo, basi kazi imekwisha. Mimi ninacho chumba, kimegusana na ukuta wa karakana. Sakafu ya saruji, dirisha linaleta hewa, mwenye nyumba ni mtu wa watu. Breki anakichukua, anaanika suruali mbili kwenye kamba, halafu anarudi zake hapa kwa mama.

BREKI: Na nikiitwa alfajiri?

DALALI: Utaitwaje alfajiri na wewe ni mwanafunzi?

BREKI: Mwanafunzi leo. Nikishafuzu, mwenzangu akiugua wanamwita anayekaa karibu. Watu watakuwa wamejaa stesheni na mizigo yao, mimi niko huku nasubiri basi.

Aliyasema hayo bila kuinua kichwa. Alikuwa anazungusha gurudumu lililopinda, analisikiliza linapogusa, analikaza kidogo, analizungusha tena. Kwa Breki huwezi kujua kama amekasirika, maana sauti yake ni moja tu.

BIRIKA: Hilo dogo. Simu ikilia, unasema nakuja. Unafumba na kufumbua, mimi nishafika na pikipiki ya shemeji yangu.

DALALI: Shemeji yako si kaiuza pikipiki?

BIRIKA: Atanunua nyingine, Breki akishapata kazi.

KANUNI: Nyinyi mnahangaika bure. Sharti limesema mwombaji awe karibu na treni. Halijasema nani amsogelee mwenzake.

DALALI: Unamaanisha treni ije huku?

KANUNI: Mimi nasoma tu kilichoandikwa.

DALALI: Ngoja kwanza. Mzee, umenikumbusha. Juzi nimeona watu wa fulana za njano nyuma ya kinu cha unga, wanapima ardhi. Wanasogeza reli wale.

BIRIKA: Wale ni wa bomba la maji. Walikunywa kahawa hapa.

DALALI: Ndivyo wanavyoanza. Watakwambia maji, maji, siku moja unashtukia behewa limepita jikoni kwako. Breki, andika unaishi hapa hapa. Mbele yake ongeza: reli iko njiani.

KANUNI: Hapo umesema. Kisheria huyo si mtu wa mbali. Ni mtu aliyewahi.

BIRIKA: Au aoe kule. Stesheni masta hakosi binti. Mkwe wa stesheni masta ataulizwa na nani anakaa wapi?

BREKI: Birika, ongeza sukari, achana na binti za watu.

KANUNI: Nimepata. Nyamazeni wote, nimepata. Mahali unapoishi, andika: ndani ya treni. Nani aliye karibu na treni kumzidi aliyemo ndani?

DALALI: Atalalaje ndani ya treni ambayo hajapewa?

KANUNI: Hayo ni mambo ya utekelezaji. Mimi niko kwenye kanuni.

Nilicheka mpaka uzi ukanitoka mdomoni. Halafu nikamwona Breki. Alikuwa ameacha gurudumu lizunguke lenyewe, anatazama ng'ambo ya barabara, na nikaona haya. Ile kazi anaitaka kweli. Siku moja, tukiwa wawili tu, aliniambia kwamba kitu kizito kuliko vyote alichowahi kukisimamisha ni baiskeli ya mpeleka mkaa, na kwamba anataka kabla hajazeeka asimamishe kitu chenye watu ndani, kisimame taratibu, hata aliyelala asiamke.

BREKI: Fundi, wewe hujasema. Ungefanyaje?

MIMI: Sijui, Breki.

BREKI: Angalau wewe hujui.

DALALI: Sasa huyo naye kasema nini? Mimi nimekupa chumba, mzee kakupa sheria, Birika kakupa usafiri.

BREKI: Nafikiri niachane nayo. Baiskeli zipo.

Birika alijifanya kutafuta sukari, na sukari ilikuwa mkononi mwake. Sisi tulikuwa tumejiandaa kwa kila jambo isipokuwa hilo, na nadhani kila mmoja wetu alihuzunika kivyake, ingawa Dalali alisema tu kwamba kahawa imepoa.

Ndipo mlango wa ng'ambo ya barabara ukafunguka. Mama yake Breki akatoka na fimbo, akafuata ukuta mpaka mwisho wake, akasimama ukingoni. Hatukuwahi kumwona akivuka. Mahitaji yake yote huletewa na mwanawe, na sisi salamu tunampelekea kwa kupaza sauti. Breki alinyanyuka amfuate. Nadhani mama alisikia kiti cha bati alichokalia mwanawe kikilia, kwa sababu aliinua mkono kumzuia. Akasikiliza gari moja likapita, akavuka, fimbo yake ikagonga tofali la benchi letu.

BIRIKA: Shikamoo, mama.

MAMA: Marahaba. Wazima nyote? Dalali yuko wapi?

DALALI: Niko hapa, mama. Shikamoo.

MAMA: Marahaba, mwanangu. Mzee Kanuni, hujambo?

KANUNI: Sijambo, dada yangu. Karibu kiti.

MAMA: Sikai. Dalali, hicho chumba chako cha ukutani mwa karakana, mlango wake unafungukia ndani au nje?

Dalali alikohoa. Akamtazama Mzee Kanuni, na Mzee Kanuni akatazama ndani ya kikombe chake. Birika alisimama na buli limeinama, halimimini kitu.

DALALI: Kwa kawaida, mama, milango ya vyumba vya namna ile...

MAMA: Sijauliza ya kawaida. Nimeuliza wa hicho.

DALALI: Mwenye nyumba nimeongea naye kwa simu tu.

MAMA: Nani amekwenda kukiona?

Tulikuwa watano pale. Alasiri nzima tulikuwa tumekipanga kile chumba, tumekianikia suruali, tumekipitishia pikipiki, na hakuna mguu wetu uliowahi kukanyaga mtaa ule.

MAMA: Breki.

Hata yeye anamwita hivyo.

BREKI: Mama.

MAMA: Na wewe hujaenda?

BREKI: Sikwenda. Niliona hakuna haja. Pale ndani unapajua, na kule...

MAMA: Pale ndani nani alinifundisha?

BREKI: Hakuna.

MAMA: Niligonga goti mwaka mzima, ndiyo nikapajua. Goti langu mimi, halikuwa lako. Wiki nzima mnanihurumia kwa sauti kubwa mpaka nashindwa kusikiliza redio, na katika wote hawa, wazee kwa vijana, hakuna aliyevuka barabara kuniuliza kama nataka kukaa au nataka kuhama.

KANUNI: Dada yangu, sisi tulikuwa tunaangalia upande wa kisheria.

MAMA: Nimewasikia. Breki, nawa mikono hiyo, unanuka grisi. Twende nikakiguse.

BREKI: Leo, mama?

MAMA: Si unasema wanafunga Ijumaa?

Breki alinawa kwenye ndoo ya pancha, akajifuta kwenye suruali, akafunga kibanda jua likiwa bado juu. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue, baiskeli ya mteja ilibaki nje haijakaguliwa. Nikaisogeza upande wangu niichunge. Breki alimwendea mama yake akamshika mkono karibu na bega, kama mtu anayebeba kitu kinachoweza kuvunjika. Mama akautoa mkono wa Breki taratibu, akapapasa mpaka akapata kiwiko cha mwanawe.

MAMA: Usinishike. Mimi ndiye wa kukushika.

Wakaondoka hivyo, mama nusu hatua nyuma. Dalali ilibidi awafuate, maana chumba ni chake. Tulimsikia mpaka alipokata kona, anauliza wapita njia basi la kwenda karakana linapandiwa wapi.