Swaumu na Vinyonga wa Handeni

Hamjambo huko mliko, wasikilizaji wapendwa. Mlioko Korogwe mjini, mlioko Handeni, mlioko shambani Makuyuni na redio mmeitundika mtini, sogeeni. Leo tunamkumbuka Swaumu Mwinjuma. Swaumu, mtafiti wa vinyonga. Tulimzika Ijumaa iliyopita, yeye na mtoto wake mchanga.

Naam, vinyonga. Najua kuna aliyekwisha kutema mate chini. Hata mama yake, Bi Hafsa, alitema siku binti alipomwambia kazi yake. "Mwanangu, mnyama wa nuksi huyo! Atakufunga kizazi!" Swaumu alicheka tu. Lakini alikuwa ameolewa miaka mingi bila mtoto, na majirani walikuwa na jibu lao tayari.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Swaumu alipanda milimani Vugiri, akakata ncha ya mkia wa kinyonga, akamwacha aende zake. Kisha akashuka Handeni, kwenye kichaka kilichobaki kilimani nyuma ya kwao, akafanya vilevile kwa watatu aliowapata. Kwa macho, vinyonga hao ni walewale. Ila kila kizazi hunakili vinasaba vya wazazi wake, na katika kunakili makosa madogo hupenya, kidogo kidogo, kwa mwendo unaoweza kukadiriwa. Hesabu makosa yanayowatofautisha, utakisia waliachana lini. Swaumu alihesabu. Akapata kama miaka milioni nne.

Milioni nne, jamani! Maana yake wale wa Handeni ni aina yao peke yao, hawapo kwingine duniani. Lakini wakubwa wake kazini wakasema vinyonga watatu hawatoshi, alete wengine. Akiwaleta, kilima kitahifadhiwa na kazi yake itakubaliwa. Asipowaleta, basi tena.

Hapo ndipo Mungu alipomjalia mimba. Daktari akamkataza safari kwanza. Swaumu akampigia mama yake simu. "Mama, nilindie kile kichaka. Vinyonga wangu wamo mle."

"Nimesikia, mwanangu," akaitikia Bi Hafsa.

Alisikia kweli. Mimba imeshika, halafu nuksi ikae nyuma ya nyumba? Thubutu! Akawaita wanawake wa jirani. Wakapaka ugoro kwenye ncha za fito, maana huku kwetu nani asiyejua kwamba tumbaku ndiyo dawa ya kumuua kinyonga? Wakapita mti kwa mti wakiwatia mdomoni. Waliowaponyoka wakachomewa kichaka.

Swaumu aliporuhusiwa kusafiri, alikuta majivu. Mume wake, Ramadhan, anasema mkewe hakulia. Alipiga magoti na tumbo lake lile, akachambua majivu kwa vidole akitafuta hata mkia mmoja. Mikia aliyoipata ilikuwa imeungua, haifai kupimwa.

"Mama, umenimaliza."

"Nimekuokoa," akajibu Bi Hafsa, akaenda kumkorogea uji.

Haukupita mwezi, kifafa cha mimba kikamchukua, pamoja na mtoto. Kifafa cha mimba, wasikilizaji wapendwa. Narudia: kifafa cha mimba. Hicho huja na presha, na presha hupimwa kliniki. Kinyonga hahusiki! Lakini msibani nilisikia watu wakinong'ona, "Si tulisema?" Walisema hivyo huku wanakula pilau la matanga yake. Nilikasirika, na hasira hiyo bado ninayo.

Jana nilikwenda Handeni kumpa pole Bi Hafsa. Nilitamani kumuuliza kama anajuta, nikashindwa. Akasema mwenyewe. "Najuta, mwanangu. Najuta sana." Nikamshika mkono. Akaendelea, "Tulichelewa. Ugoro ule tungeutia tangu alipoolewa, leo ningekuwa na mjukuu."

Pole sana, Ramadhan. Poleni ukoo wote wa Mwinjuma. Pole na wewe, Bi Hafsa, kwa sababu ulimpenda, hilo hakuna anayelikataa. Nanyi mnaonisikiliza, mlio na binti, mkwe au dada mjamzito, tafakarini mnampenda kwa kumsikiliza au kwa kumsikia tu. Mungu amrehemu Swaumu.

Wakati naaga, Bi Hafsa aliniomba nitangaze hapa kwamba atakayeona kinyonga popote Handeni amwite, ugoro bado anao. Tangazo hilo silitoi.