Dole Gumba la Fundi Pindo

Ukipita kwenye benchi letu nje ya duka la ushonaji, usiulize nani anajua. Wote tunajua. Asubuhi hiyo Fundi Pindo alikaa nasi badala ya kukaa kwenye cherehani yake. Binti yake, naye fundi, alikuwa amemwambia: kuanzia leo, Baba, pumzika, dole gumba limepinda, sindano inakuponyoka. Mzee hakugusa kahawa. Iliniuma, sifichi.

— Ni maji baridi, akasema Dobi. Yanaingia kwenye kucha, yanalala kwenye kiungo miaka arobaini, siku moja yanaamka.

— Uongo, akasema Takwimu, karani mstaafu. Kila mkono unazaliwa na idadi yake ya kubana. Milioni tisa. Mzee kazimaliza kwenye mkasi.

— Ng'ombe hazeeki maini, nikamtetea.

— Maini sawa, akajibu Takwimu. Tunazungumzia kwato.

— Na wahenga walisema kidole kimoja hakivunji chawa, Dobi akaongeza. Kwa hiyo mzee akae mbali na chawa.

— Mimi naona ni upweke, nikasema. Vidole vinne vinaishi pamoja, gumba limepanga chumba cha uani. Uzeeni lazima lijikunje.

— Mmemaliza kunizika? akauliza Fundi Pindo.

Kabla hatujamjibu, mama mmoja akafika na koti mkononi, akamwonyesha binti pale mlangoni.

— Vifungo vitatu vimeng'oka, mwanangu. Hiki cha juu mjukuu wangu amekivuta wiki nzima, hakitikisiki. Hiki alishona nani?

Vile vitatu alivishona binti mwenyewe. Akakigeuza kile cha juu, akakivuta kwa nguvu. Sisi wajuaji tukanyoosha shingo.

— Mimi, akasema Fundi Pindo. Ulipokwenda kununua uzi.

— Kwa gumba gani, Baba?

Mzee akaomba sindano. Akaibana kati ya kidole cha shahada na cha kati, kisha gumba likaisukuma kwa nyuma, palepale lilipopinda. Ikapenya kola ya koti, tabaka zote, mara moja.

— Zamani lilikuwa linabana, akasema. Siku hizi linasukuma. Nimejifunza upya, binti yangu, na wewe hukuniuliza.

Binti akainamisha kichwa.

— Nisamehe, Baba. Nionyeshe na mimi.

— Kwanza nipishe kiti changu cha cherehani.

Akampisha. Nilipiga makofi mpaka kahawa ikanimwagikia.