Mkono wa Naftali

"Magonjwa yote hayo ya dunia, wewe umeona mifupa tu?"

Mzee Msengi alimuuliza Naftali mbele yetu sote ndani ya lori, tukitoka Kiomboi. Ni majirani pale Ulemo. Mzee ndiye muunga mifupa wa kijiji. Kijana anasomea udaktari Makerere, ambako Waingereza wamewaambia wajichagulie wodi ya kujifunzia wakati wa likizo.

"Shikamoo yangu hujaitikia bado, baba."

"Niitikie nini? Unakuja kuninyang'anya wagonjwa!"

Mimi nilikuwa juu ya gunia la uwele, masikio wazi. Safari bila ugomvi wa watu hainogi.

"Nimechagua mifupa kwa sababu yako," Naftali akasema. "Nilipoangushwa na punda, si wewe uliyenifunga mkono?"

"Basi waonyeshe hawa kazi yangu!"

Akanyoosha mikono. Wa kulia ulikuwa umepinda kwenye kiwiko. Mama mmoja akaguna. Mimi sikuguna, ila niliangalia mara mbili.

"Alifungua vijiti nilivyomfungia akacheze mpira!" mzee akatuambia.

"Ulivikaza mno, baba, vidole vikafa ganzi."

"Vilikufa ganzi, na mpira ukaudaka?"

Wakaendelea hivyo mpaka lori likasimama Ulemo. Mzee akashuka kwanza, akampokea kijana sanduku lake.

"Marahaba," akasema. "Haya, twende kwangu. Mke wangu atakuwa amesonga ugali, na mlenda upo. Mkono huo ukishindwa kufikisha tonge mdomoni, nitakubali nilikosea."