Shikamoo Bila Goti

Shikamoo ya binti kwa mzee aliyekaa naye ilitolewa kituoni Kaengesa kabla gari halijaondoka, na hadi wanaukaribia mji ilikuwa bado haijaitikiwa. Jenifa, aliyekaa kiti cha nyuma yao, alijifanya anachezea simu ili asikose neno.

"Kwetu binti humsalimu mtu mzima kwa goti," mzee alisema hatimaye, macho yake kwenye mashamba ya ulezi. "Wewe ulisimama wima kama nguzo ya umeme."

"Nisamehe, babu. Nilikuwa mkimbiaji, naruka viunzi. Mwaka jana nilianguka, pingili ya mgongo ikavunjika."

"Haijaunga?"

"Imeunga. Daktari alinionyesha kwenye picha. Lakini nikipiga goti mgongo unachoma kama msumari, na nikikaa muda mrefu mguu huu unakufa ganzi."

"Mfupa ukiunga umeunga, mjukuu wangu. Mimi nilivunjika mkono, na masika yaliyofuata nikashika jembe."

"Hata kocha anasema nadeka."

"Kocha ana akili."

Jenifa aliona kwamba mzee na kocha wangefaa kufungua hospitali.

"Ingekuwa kidonda ungeamini, babu."

"Kidonda ningekiona."

Gari likasimama kituo cha Malangali. Binti aliinuka, akashika mlango, akatanguliza mguu ule uliokufa ganzi. Haukumhimili. Akaanguka kwa magoti yote mawili vumbini, chini kabisa ya dirisha la mzee.

Mzee akatoa kichwa nje, uso umemkunjuka.

"Marahaba," akasema.