Lori Lilikwama Wajir

NDUTA: Haloo? Nani huyo anapiga halafu ananyamaza?

SAFIA: Haloo... Hapo ni kwa Mzee Macharia? Yule karani aliyekuwa Wajir zamani?

NDUTA: Ni kwake, lakini yeye tulimzika Alhamisi. Mimi ni mke wake, Mama Wamucii. Na wewe?

SAFIA: Inna lillahi... Pole sana, Mama. Sikujua. Naitwa Safia. Niko Moi's Bridge, tuna duka la vitambaa na bwana yangu Ibrahim. Napiga kwa kibanda cha posta. Mama, nilikuwa nataka—

NDUTA: Safia... Safia wa Wajir.

SAFIA: Ndiyo, nilizaliwa huko. Mama ananijua?

NDUTA: Jina lako nimelisoma juzi tu. Nilikuwa natoa nguo zake, nikakuta daftari ndani ya mfuko wa koti yake ya kazi. Wanawake watupu! Khadija, mvulana. Nasra, msichana, Safia. Kurasa arobaini! Na pasta alisimama kaburini akamsifu, baba wa familia. Kumbe familia yenyewe ni wilaya nzima!

SAFIA: Hapana, Mama, si hivyo—

NDUTA: Miaka ishirini na nane ya serikali! Hata alipostaafu, alikuwa anafunga tai kwenda kukamua ng'ombe. Nikasema, huyu ni mtu mnyoofu. Sasa daftari iko hapa kando ya simu, na jiko liko na moto.

SAFIA: Usichome! Wallahi, Mama, usichome!

NDUTA: Unaona? Mwenye kuwashwa amejikuna.

SAFIA: Nasra ni mama yangu, na baba yangu ni Mohamed, watu wote wanajua! Mzee alikuwa anaandika watoto. Anazunguka na lori, mtoto akizaliwa anamwandika kwa kitabu cha serikali, halafu anarudia kwa daftari yake, na namba ile ile. Mama alikuwa anasema, yule Mkikuyu anaandika mara mbili kama mtu asiyeamini macho yake.

NDUTA: Hata mlango alikuwa anafunga mara mbili... Lakini maneno mtu hufundishwa. Jana walikuja wanaume wawili wa makoti marefu, wanataka makaratasi ya marehemu. Nikawaambia hakuna. Nitajuaje si wao wamekutuma?

SAFIA: Wanitume mimi? Mama, mimi ndiye natafutwa! Sisi Wasomali tumeambiwa tupeleke vipande, vitambulisho vyetu, tuonyeshe tulizaliwa Kenya. Changu wamechukua. Wanasema bila namba niliyoandikiwa nikizaliwa, hawafungui kitabu cha serikali. Mwisho ni Ijumaa. Nisipoleta, mimi na watoto watatu tunapandishwa gari tutupwe nchi ambayo sijaiona hata kwa picha.

[laini inakwaruza]

NDUTA: Haloo? Uko?

SAFIA: Niko.

NDUTA: Siku uliyozaliwa, mama yako alikuambia ilikuwaje?

SAFIA: Mvua, Mama. Lori la Mzee lilikwama kwa matope mbele ya boma letu siku nne. Akaniandika akiwa chini ya turubai, na mbuzi wetu wakala kofia yake.

NDUTA: Ngoja. Wakala nini?

SAFIA: Kofia. Ile ya kazi.

NDUTA: Novemba, sitini na mbili. Nilikuwa na mimba ya Wamucii. Akaja likizo amechelewa siku nne, kichwa wazi. Ati lori lilikwama, ati mbuzi walikula kofia. Nikamwambia, mwambie huyo mbuzi wako akupikie! Miaka ishirini na saba, Safia. Amekufa sijamwamini.

SAFIA: Pole, Mama.

NDUTA: Ngoja nivae miwani... Iko hapa. "Nasra wa Mohamed. Msichana, Safia. Lori limekwama." Na namba kando. Una kalamu? Mia nne na—

[ka!]

NDUTA: Ni wewe umekohoa?

SAFIA: Mimi sijakohoa, Mama.

[Laini inapumua]

NDUTA: Mia nne! Mia nne ndizo barua ulizomwandikia bwana yangu, mwanamke wewe, na zote nimechoma!

SAFIA: Mama? Barua gani—

NDUTA: Usiniite Mama! Niite mke mwenza, si ndivyo ulivyotaka? Kesho asubuhi tunagawa nguo za marehemu. Wewe utapewa ile koti yake ya kazi, basi. Uivae hapa hapa, ufunge vifungo vyote, uende usigeuke nyuma. Umesikia? Ile koti ya kazi!

SAFIA: Koti ya kazi... Nimesikia. Nimesikia, mke mwenza.

NDUTA: Na uje ukilia. Kwa sauti! Majirani wajue aibu imeingia kwangu.

SAFIA: Nitalia. Hata sasa nali— Shilingi yangu inaisha! Mungu amrehemu mzee wetu, Mama— mke mwen—

NDUTA: Vifungo vyote, nimesema! Asubuhi kuna bari—

[tu-tu-tu-tu]

NDUTA: Na wewe unayekohoa, chemsha tangawizi. Aibu yangu umeisikia yote. Nenda uwaambie.