Flashi ya Mzee Yohana

Asifiwe Bwana, ninyi mnaosali nami na ninyi ambao bado mnanidai picha za pasipoti!

Ndugu zangu, shamba la mkonge lilipobinafsishwa nikapunguzwa kazi, nikanunua kompyuta kuukuu, nikafungua stesheneri hapa Magomeni. Mteja wangu mkubwa akawa Mzee Yohana, mwinjilisti mstaafu. Mwaka mzima nilimchapia nyimbo za Kikaguru alizozikusanya kwa vikongwe wa milimani. Wengi wao wameshatangulia. Daftari lake liliharibiwa na mafuriko, kwa hiyo nyimbo zilibaki kwenye kompyuta yangu na kwenye flashi yake tu.

Asubuhi moja nawasha, folda ya nyimbo haipo! Kwenye flashi aliyoniachia Mzee haipo! Virusi! Antivirusi ikapekua, ikasema kila kitu salama. Salama gani hiyo? Fundi akataka kufuta kompyuta nzima, nikamfukuza. Nikafunga na kuomba siku tatu. Nikaipaka kibodi mafuta ya upako, herufi A ikaganda. Chekeni tu, mimi nililia.

Maana virusi vilitoka kwenye flashi ya Mzee, na nilijua tangu mwezi wa kwanza. Lakini mtu ninayemwamkia shikamoo, akinipa flashi yake kwa mikono miwili, nimwambie ni chafu? Niliona haya. Nikawa naichomeka, akiondoka nasafisha kompyuta, kesho tunarudi palepale.

Siku ya tatu ya mfungo nikamweleza yote. Akanitazama, akasema: "Mwanangu, miaka arobaini nimewaambia watu dhambi zao. Wewe umeshindwa kuniambia flashi?"

Haleluya, mzigo ukanidondoka! Nikampigia wifi yangu, mwalimu wa kompyuta Morogoro, akaniongoza hatua kwa hatua. Nikaisimamisha programu ya kirusi iliyokuwa ikijiendesha chinichini, nikafuta faili lake kwa mkono wangu, kwenye kompyuta na kwenye flashi. Kisha nikaandika amri ya kuonyesha vilivyofichwa, ile A nikiigandamiza kwa kidole gumba. Ndugu zangu, folda ikatokea! Kirusi hakikufuta hata wimbo mmoja, kilikuwa kimezificha tu. Mzee akaimba wa kwanza palepale, bodaboda wa nje wakazima injini.

Namshukuru Mungu, nimeridhika. Nawe unayeogopa kumwambia ukweli mtu unayemheshimu, mtumaini Bwana, kisha useme. Siku hizi Mzee Yohana akishaitikia marahaba, ananyoosha flashi mwenyewe: "Haya, mwanangu, anza kuihubiria."

Leteni na zenu, msione haya.