Ukuta wa Kati wa Nyumba ya Kahawa

Hebu jichoree picha hii kichwani, polepole. Ni Mususa, mjini Butembo, Jumamosi saa sita na nusu mchana, na wingu zito limekalia vilima. Upande mmoja wa barabara ipo nyumba ya matofali ya tajiri wa kahawa wa zamani, yenye baraza la matao na madirisha ya mbao. Shirika la wakulima limeinunua na kuikarabati: nje ibaki vile ilivyozaliwa, ndani iwe ofisi ya kisasa. Upande wa pili lipo benchi la Mama Marie-Jeanne, anayekaanga kahawa mwenyewe mbele ya wateja. Juu ya benchi wamekaa watatu. Timothée anaitwa Radio, kwa sababu hazimiki. Zorobabel anaitwa Injenia, kwa sababu siku moja alipiga teke jenereta iliyokufa, ikawaka. Wa tatu ni Kasonia, fundi mwashi, anayeitwa Maître, yaani fundi bingwa, kwa heshima ya kweli, na leo hajagusa kikombe chake.

Kasonia alikuwa na sababu. Eliane, mbunifu aliyetoka Beni kupanga ndani ya nyumba ile, alikuwa amechora chumba kimoja kirefu, na milango ya vioo, na meza ya watu kumi na wawili, na taa zinazoning'inia. Ukuta wa kati ulimzuia. Wiki tatu nyuma alimwuliza Kasonia kama ukuta ule unabeba kitu. Kasonia aliugonga kwa vifundo vya vidole, kama baba yake alivyomfundisha. Ukalia wazi kama kibuyu. Mbele ya wakubwa wote wa shirika akasema: «Hii hapana beba kitu.» Ikaandikwa kwenye ramani. Kisha dari jipya likafungwa, jeupe, safi.

Asubuhi hii plasta ya ukuta ilianguka kipande. Chini yake Kasonia aliona matofali mawili mawili, mazima, unene wa ukuta wa kubeba mzigo. Kumbe kilicholia wazi kilikuwa plasta tu, iliyoachana na tofali. Sasa wafanyakazi walikuwa wanakula maharage na fufu. Wakimaliza, wangeshika nyundo. Na mahali pale pale, chini ya dari lile, ingewekwa meza ya kupokea wageni, ya Ornella, binti yake, anayeanza kazi Jumatatu.

— Maître, kunywa kawa, inapoa, alisema Marie-Jeanne.

— Mi niko nawaza. Kama ile mur inabeba?

— Ulisema hapana beba, donc hapana beba! alisema Zorobabel. Bazee walisema: usipoziba ufa utajenga ukuta. Maana yake? Ukibomoa ukuta, ufa nayo inaisha. Itakaa wapi tena?

— Bazee hapana walisema vile.

— Mama, weye uza kawa. Achia siye science.

Timothée alijisogeza, akashusha sauti kama mtu anayetoa habari ya serikali.

— Mi nawaambia kitu. Ile mur inalia wazi sababu iko na mulango ndani. Bazungu ba kawa balichimbaka njia chini ya udongo, kutoka hapa mpaka Beni.

— Mpaka Beni! Kilometa zaidi ya makumi tano! alisema Zorobabel.

— Bazungu balikuwa na nguvu.

— Radio, kama ile njia iko, alisema Marie-Jeanne, mbona siye tunapandaka kwa ile ya juu na convoi ya basoda benye bunduki, kwa kuogopa baasi?

Hakuna aliyecheka sana. Kasonia alisikia vijiko vikikwangua sahani ng'ambo ya barabara.

— Mais tuseme inabeba, Zorobabel aliendelea. Nyumba ya muzee vile imesha kuzoea kusimama. Muzee ukimunyanganya fimbo, anatembea tu.

— Anaanguka, alisema Marie-Jeanne.

— Na tena kidole kimoja hakivunji chawa! Donc mur moja haiwezi kubeba toiture, paa muzima. Toiture inabebwa na hewa. Mama Eliane ataweka vitre, jua itaingia, hewa itapata moto, itasukuma toiture juu sawa ballon. Itabidi baifunge na kamba!

Vijiko vilinyamaza. Mtu alikuwa anaosha sahani. Kasonia aliutazama mkono wake wa kulia, ule uliogonga, akauficha mfukoni.

Ndipo akafika mama mmoja wa makamo na gunia la vitunguu. Aliitwa Jokébed, alikuwa ameshuka kwenye lori kutoka Kayna, na hakuna pale aliyemjua.

— Wasibire, bandugu, alisalimia kwa Kinande. Kawa iko?

Marie-Jeanne alimmiminia, akamweleza habari ya ukuta. Jokébed alikunywa nusu kikombe, akaiangalia nyumba.

— Mi ni mulima tu, munisamehe. Zile miti ya toiture zinalala wapi?

Zorobabel alimtazama Timothée. Timothée alikitazama kikombe.

— Plafond, ile dari mupya, imesha kufunika, alisema Kasonia.

— Na mbele ya kuifunika, nani alipanda kuangalia?

Kasonia alisimama. Zorobabel akamshika mkono wa koti.

— Maître, ulisema mbele ya bakubwa! Ukigeuza leo, nani atakuita Maître tena? Haraka haraka haina baraka. Ngoja kwanza babomoe, utaongea kesho.

— Lundi mutoto yangu anaikala pale chini, Injenia. Niachilie.

Alivuka barabara. Ndani, wanaume wanne walikuwa wameinua nyundo. Eliane alikuwa ameshika ramani.

— Mama Eliane, nilisema hapana beba. Niligonga tu. Hapana nilipanda kuangalia. Sijui.

Eliane aliinua macho kwenye dari, ambalo lilipakwa rangi jana.

— Papa Kasonia, bakubwa banafika lundi.

— Najua.

Eliane aliupapasa ukuta pale plasta ilipoanguka. Kisha akakunja ramani.

— Muweke nyundo chini. Mulete ngazi na msumeno.

Utaniuliza waliona nini walipotoboa lile dari jeupe. Waliona miti miwili mizito ya kale, imekutana kichwa kwa kichwa, imelala juu ya ukuta ule kama watoto wawili kwenye mto mmoja. Ofisi itachorwa upya. Lakini mimi nakuomba, kwa upole, ukumbuke kitu kimoja tu: zile hatua thelathini za mtu mzima anayeheshimiwa, mchana kweupe, akivuka barabara kwenda kusema hajui.